Mtu wa Nne Pichani

Vangie Tolentino alikutana na Crisanto kwa sababu mama yake aliogopa kufa. Nalisema hili mapema, maana wapo wanaokisimulia kisa hiki kana kwamba wawili hawa walitupiana macho wenyewe. Hawakutupiana chochote. Walisukumwa, na aliyewasukuma ni mama huyo, Lola Pacing (kwao kila bibi huitwa Lola), mzee wa miaka sitini na tisa mwenye magoti mabovu na mikono ya mtu aliyefua nguo za watu maisha yake yote.

Ilikuwa Jumatatu ya mwezi wa tano, saa nne asubuhi, nyuma ya jumba la jiji la Manila, kwenye ile njia ya wapiga chapa. Wanakaa pale chini ya miamvuli mikubwa, kila mmoja na kimeza chake, taipureta yake na kiti cha plastiki cha mteja, wakiwaandikia watu hati za kiapo, mikataba ya nyumba, barua za kuomba kazi na barua za kuacha kazi. Katikati ya miamvuli kuna kibanda cha picha za pasipoti. Mbele ya kibanda siku hiyo palikuwa na foleni ya watu arobaini, jua kali, harufu ya ndizi za kukaanga na sukari, na mtoto wa miaka minne na nusu aliyekataa kuacha kucheka.

Mtoto huyo aliitwa Ningning. Picha ya viza haitaki tabasamu, na yeye amelelewa na watu ambao kila wakishika simu humwambia acheke, mama yake anamwona. Mama yake, Rowena, alikuwa Nyuzilandi mwaka wa tatu sasa, akihudumia wazee katika mji wa Dunedin, na hatimaye karatasi zake za kazi zilimruhusu kumwombea mwanawe viza amfuate. Baba wa mtoto alitoweka tumbo likiwa na miezi mitano, na kwenye cheti cha kuzaliwa pale pa jina lake pana mstari mtupu. Aliyebaki na mtoto ni mdogo wake Rowena, yaani Vangie, wa miaka ishirini na nane, mpokea wageni wa kliniki moja ya meno. Alikuwa amevaa sare yake ya kijani kibichi, viatu vyeupe, na nywele kazibana juu kwa kibanio cha mtoto chenye sungura.

Picha ya kumi na moja ndiyo iliyotoka bila meno. Lola Pacing akafurahi, akataka na ya ukumbusho, yeye, binti na mjukuu. Mpiga picha akainua kamera. Lola akahesabu vichwa.

"Shusha hiyo," akasema. "Tuko watatu."

"Ndiyo, Lola. Watatu."

"Na mimi ndiye wa katikati."

Mpiga picha akashusha bila kubisha, maana naye ana mama. Watu watatu wakipiga picha pamoja, wa katikati ndiye anayetangulia kuzikwa. Nani asiyejua? Lola Pacing akageuza shingo kulia, akageuza kushoto, akamkamata mkono kijana aliyekuwa anapita na rundo la karatasi. Kijana alikuwa na miwani minene, shati la mikono mirefu lililopigwa pasi hadi kwenye vifungo, na vidole vyeusi kwa wino.

"Mwanangu, una haraka?"

"Kidogo, Lola."

"Kidogo si haraka. Simama hapa karibu na binti yangu. Usiangalie miguu, angalia mbele."

"Lakini Lola, mimi hamnijui."

"Utajulikana baadaye. Sogea."

Crisanto Magbanua akasogea. Alinukia sabuni ya mche na karatasi ya kaboni. Kamera ikalia.

"Samahani, kaka," Vangie akasema, uso umemwiva. "Mama akishaamua jambo, hata polisi humpisha."

"Hakuna neno. Umependeza."

"Nini?"

"Picha. Nasema picha imependeza."

"Bado haijatoka."

Crisanto akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akachukua mkono wa Lola Pacing akauweka kwenye paji la uso wake kwa heshima, akarudi kwenye mwamvuli wake, akajigonga nao kichwa. Ningning akacheka mpaka akakaa chini.

Basi ikawa bahati kwamba siku hiyo hiyo walihitaji hati ya kiapo inayosema Vangie ndiye mlezi wa mtoto, na ikawa bahati nyingine kwamba kati ya wapiga chapa ishirini na wawili, Lola Pacing alichagua mwamvuli huo huo. Crisanto alimwandikia viapo Atorni Buenaflor, wakili mnene mwenye ofisi ya ukubwa wa kabati, ambaye kazi yake ilikuwa kutoka nje kila baada ya dakika kumi na kugonga muhuri. Na Crisanto alikuwa na sharti moja ambalo njia nzima walilijua. Anaandika anachoambiwa. Haongezi, hapunguzi, hashauri. Mteja akisema ng'ombe wake ana miguu mitano, ataandika mitano na kuuliza kama ni kwa tarakimu au kwa maneno. Miaka kumi na moja alikuwa akifanya hivyo, na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika.

Viza, kama mnavyojua, huzaa karatasi. Leo wanataka cheti, kesho wanataka cheti cha kuthibitisha cheti. Vangie alirudi kwenye mwamvuli ule mwezi wa sita mara mbili, mwezi wa saba mara nne, na mwezi wa nane alirudi bila karatasi yoyote, akasema alikuwa anapita tu. Kliniki iko upande mwingine kabisa wa mji.

"Unapita kwenda wapi?" Crisanto akamuuliza.

"Mbele."

"Mbele kuna ukuta."

"Basi nimefika," Vangie akasema, akakaa.

Mwezi huo Ningning alitimiza miaka mitano, na Crisanto akaalikwa kula tambi za siku ya kuzaliwa. Lola Pacing akataka picha na mtoto na keki, Vangie akasogea, wakawa watatu, na Crisanto akaitwa kutoka jikoni akiwa bado na sahani. Kuanzia hapo ikawa kazi yake. Kanisani, watatu, Crisanto. Mbele ya jengo la maduka lenye mti wa Krismasi tangu mwezi wa tisa, kama ilivyo desturi ya huko, watatu, Crisanto. Rowena alipokuja likizo wiki mbili mwezi wa kumi na mbili, wakaenda kwenye bwawa la maji moto kule Laguna, na Lola akataka picha yeye, Rowena na mjukuu. Crisanto akatolewa majini akiwa na kaptula yenye picha za mananasi, akasimama kando ya Rowena, mikono kifuani kama anayesikia baridi.

Na kila siku saa sita mchana alipiga simu kliniki.

"Umekula?"

"Bado. Kuna mzee hapa amemeza jino lake la bandia."

"Kula."

"Wewe umekula?"

"Nimekula. Ningning amekula?"

"Amekula mpaka kaila na penseli. Hivi wewe unapiga simu kutoka huko mbali kuuliza habari za chakula tu?"

Nyuma ya Crisanto taipureta za wenzake zinalia.

"Basi kesho," Crisanto husema.

Vangie hukata simu, huitazama, kisha huitukana kimoyomoyo. Miezi minane, na mwanaume hajasema lolote. Hajamshika hata kidole, isipokuwa siku ya bwawa alipomtoa sisimizi mgongoni, na hata hapo aliomba ruhusa kwanza.

"Labda ana mke," Rowena alimwambia kwenye simu ya video baada ya kurudi Dunedin, kajifunika blanketi hadi kidevuni.

"Hana."

"Basi anaogopa."

"Anaogopa nini? Mimi nina kilo arobaini na nane."

"Mwambie wewe basi."

"Dada, mimi nimwambie mwanaume? Mama atanipeleka kuombewa."

"Mama ndiye anayemweka pichani kila wiki. Wewe unadhani ni kifo tu anachokihofia?"

Vangie hakuwa amelifikiria hilo, na lilimkosesha raha wiki nzima.

Januari wakapeleka maombi, faili nene kuliko kitabu cha nyimbo. Ningning alinunuliwa viatu vya safari, vyekundu, vyenye taa kwenye kisigino, akakataa kuvivua hata kitandani kwa sababu ndege inaweza kuja wakati wowote. Vangie akilala kando yake alipigwa mateke yenye taa. Ni yeye aliyemwogesha mtoto huyo miaka mitatu, akamfundisha kufunga vifungo, akakesha naye alipougua surua. Alitaka viza itoke kwa moyo wake wote, na kila akifikiria siku itakayotoka alitamani ichelewe. Yote mawili yalikuwa kweli na hakumwambia mtu.

Katikati ya Februari ikaja barua pepe kutoka ofisi ya viza. Vangie aliisoma kaunta, mbele yake mgonjwa kaachama akisubiri kuitwa. Ofisi ilishukuru kwa picha kumi na nne za familia. Ilieleza kwamba katika kumi na moja kati yake anaonekana mwanaume mmoja, mara nyingine akiwa amembeba mtoto, na katika moja akiwa kifua wazi kando ya mama wa mtoto. Tafadhali waeleze ni nani. Ikiwa ni baba, ridhaa yake ya maandishi inatakiwa, pamoja na maelezo kwa nini jina lake halimo kwenye cheti. Bila majibu ya kuridhisha, maombi yangeweza kukataliwa.

Jumamosi hiyo Vangie akavaa gauni lake la manjano lenye mkanda, akapaka rangi ya midomo akaifuta, akaipaka tena, akaenda kwenye mwamvuli.

"Nataka kiapo," akasema.

"Cha nini?"

"Cha wewe."

Crisanto akacheka. Kisha akasoma barua, na kicheko kikaisha. Akaingiza karatasi mbili na kaboni kwenye taipureta, akanyoosha vidole. "Sema."

"Mimi, Evangeline Tolentino, mwenye akili timamu, naapa kwamba mwanaume anayeonekana pichani si baba wa mtoto."

Taipureta ikalia.

"Wala si mume wala mpenzi wa mama wa mtoto."

Ikalia.

"Aliombwa kusimama pichani ili watu wasiwe watatu."

"Wasiwe watatu," Crisanto akarudia, vidole vinakimbia.

"Wala hana..." Vangie akanyamaza.

Alinyamaza makusudi. Alimtazama utosini, pale nywele zilipogawanyika, akampa nafasi yote duniani. Neno moja tu lingetosha. Mtu angeweza kuinua mikono akasema ngoja kwanza, hilo si kweli. Crisanto alisubiri, vidole juu ya herufi, macho kwenye karatasi. Na mimi nitamtetea kidogo, maana moyo wake ulikuwa unampiga hadi kwenye kola. Lakini mteja alikuwa katikati ya sentensi.

"Wala hana uhusiano wowote na mtu yeyote wa nyumba yetu," Vangie akamaliza haraka, kwa hasira.

"Wowote," Crisanto akasema taratibu. "Na mtu yeyote." Akaandika yote mawili. Akapiga nukta.

Atorni Buenaflor akatoka, akagonga muhuri, akarudi kabatini. Vangie akachukua karatasi bila kuaga. Huyu akaenda zake akiwaza kwamba mwanaume ameandika kwa mkono wake mwenyewe kuwa yeye si chochote, na hata hakukohoa. Yule akabaki akiwaza kwamba mwanamke amekuja na gauni jipya na rangi ya midomo kumwambia si chochote, na ametaka muhuri. Jumatatu saa sita simu ya kliniki haikulia. Jumanne haikulia. Vangie aliinua kipokezi mara tatu kuhakikisha kwamba ni kizima.

"Yule mtu wetu wa nne yuko wapi?" Lola Pacing aliuliza Jumapili nje ya kanisa.

"Ana kazi."

"Jumapili?"

"Mama, piga picha peke yako."

Zikapita wiki mbili. Jumatano moja, saa tano na nusu, Crisanto akiwa anamwandikia mama mmoja malalamiko dhidi ya jogoo wa jirani, simu yake ikaita. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya kupimapima, akajitambulisha kuwa ni Bi. Macaraeg wa ofisi ya viza.

"Tunahakikisha maelezo ya faili," akasema. "Wewe ndiye baba wa mtoto Clarissa Mae Tolentino?"

"Nani?"

"Wanamwita Ningning."

"Ah. Hapana, mama. Si mimi."

"Una uhusiano wowote na mama wa mtoto?"

"Hapana."

"Kiapo tulicholetewa kinasema huna uhusiano wowote na mtu yeyote wa nyumba hiyo. Ni kweli?"

Ndipo Crisanto alipokwama. Miaka kumi na moja ameandika viapo vya watu, vya kweli na vya ajabu, na hakuwahi kuulizwa chake. Akamwangalia mama wa jogoo. Mama wa jogoo akamwangalia.

"Kwa mtoto, hapana," akasema. "Kwa mama yake, hapana. Kwa mama yake mdogo, yule Evangeline, uhusiano upo, lakini ni wa upande mmoja."

"Upande upi?"

"Wangu."

Bi. Macaraeg akaandika kitu. "Yeye anajua?"

"Sijamwambia."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nangoja apate nafasi. Ana karatasi nyingi."

"Karatasi hizo ni zetu," Bi. Macaraeg akasema, na sauti yake ikalegea kidogo. "Asante, bwana. Faili litakuwa na maswali zaidi."

Dakika nne baadaye simu ya kliniki ikalia, na Vangie akairukia hadi akamwaga maji ya kusukutulia.

"Nimekula," akasema kabla hajaulizwa.

"Vizuri. Hapa ni ofisi ya viza."

Vangie akakaa. Bi. Macaraeg akamweleza polepole. Yeye binafsi habari ya watu watatu anaielewa kabisa, mama yake pia hakubali, lakini mkubwa wake ni mgeni na anataka kila kitu kiwe kimenyooka. Sasa kiapo kinasema uhusiano haupo. Mhusika anasema upo, wa upande mmoja. Faili haliwezi kuwa na majibu mawili.

"Kwa hiyo nauliza kikazi tu," akamaliza. "Upande wa pili upo?"

Vangie akainua macho. Daktari, mfanyakazi wa usafi na wagonjwa watatu walikuwa wameacha kila kitu wanamtazama.

"Kama upo, kiapo cha kwanza si sahihi. Lete kilichosahihishwa kabla ya Ijumaa jioni, na hapo tutaendelea. Kama haupo, niambie sasa, niandike kwamba bwana huyo amekosea."

"Usiandike amekosea," Vangie akasema.

Mngedhani hapo angepaa kwa furaha. La. Alipokata simu alikumbuka lile neno kukataliwa, akakumbuka viatu vyekundu kitandani, na hasira ikampanda kutoka kwenye kucha. Akatoka na sare yake, glavu za mpira zikining'inia mfukoni, akafika nyuma ya jumba la jiji akihema.

"Nani alikutuma useme ukweli?" akamuuliza mbele ya njia nzima.

Taipureta ishirini na moja zikanyamaza.

"Niliulizwa," Crisanto akasema.

"Na ulijua nimeapa. Wewe ndiye uliyeandika."

"Niliandika. Sikuapa."

"Mtoto analala na viatu, Crisanto. Anaamka anauliza kama ndege imemsahau. Wakimnyima viza kwa ajili ya mdomo wako, nitamwambia nini?"

Uso wa Crisanto ukaingia majivu. Hilo hakuwa amelifikiria, na kumwona hajalifikiria kulimpunguzia Vangie nusu ya hasira. Ile nusu nyingine ilikuwa ya jambo tofauti.

"Na siku ile mbona ulinyamaza?" akauliza, sauti imeshuka. "Nilikaa kimya pale nikakungoja. Ukaandika wowote, ukaandika na mtu yeyote, ukapiga na nukta."

"Neno la mteja silitii mkono wangu."

"Mimi ni mteja?"

"Ulikaa kwenye kiti cha mteja."

Vangie akakitazama kile kiti cha plastiki. Akakishika kwa mgongo, akakiburuta kuizunguka meza, akakiweka upande wa pili, kando ya kiti cha Crisanto, magoti kwa magoti. Mama wa jogoo, aliyekuwa amerudi kuchukua malalamiko yake, akamsogezea mwamvuli kidogo ili jua lisimpate.

"Sasa andika," Vangie akasema. "Mimi, Evangeline Tolentino, mwenye akili timamu..."

"Hilo nalo libaki?" akauliza mpiga chapa wa jirani.

"Libaki. Naapa kwamba kiapo changu cha kwanza kilikuwa na kosa katika mstari wa nne."

"Wa tano," Crisanto akasema.

"Umekariri?"

"Nimekisoma mara nyingi. Niliweka kopi ya kaboni."

"Wa tano. Mwanaume huyo hana uhusiano na mtoto wala na mama wa mtoto. Ana uhusiano na mimi."

"Uhusiano wa namna gani? Ofisi itataka kujua."

"Ni wewe unayetaka kujua au ofisi?"

"Sote wawili."

"Andika kwamba ninampenda."

Vidole vikasimama. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja, Crisanto Magbanua alimwomba mtu arudie.

"Rudia."

"Umesikia."

"Nimesikia. Rudia."

"Ninampenda, na amenichosha. La kuchosha usiliandike."

"Umeshalisema," akasema, akaliandika.

Atorni Buenaflor akatoka na muhuri, akasoma, akasoma tena, akavuta kitambaa kutoka mfukoni akapenga kamasi. Alisema amegonga muhuri miaka thelathini na hiki ni kiapo cha kwanza ambacho yuko radhi kukifia. Kisha akamgeukia mpiga chapa wake. Ule upande mwingine nao mbona haujaapishwa, faili litapwaya. Crisanto akasema huo unahitaji karatasi nyingine. Atorni akasema karatasi zipo. Basi Crisanto akaingiza karatasi mpya, akajiandikia mwenyewe, na akakosea jina lake. Vangie alisoma kila neno juu ya bega lake lilivyokuwa likitoka, na alipofika mwisho akaegemeza kichwa pale pale begani, hadharani, na sare ya kliniki.

Lola Pacing alipoambiwa alisema wamechelewa. Alikuwa ameanza kutafuta mtu mwingine.

Viza ilitoka siku ya kumi na tisa baada ya viapo hivyo. Rafiki wa Rowena kazini, aliyekuwa likizo mjini Iloilo, akakubali kusafiri na mtoto. Ofisi ya ustawi wa jamii ikatoa ruhusa, karatasi ya mwisho, na Jumamosi ya tarehe ishirini na nane Machi wakaenda uwanja wa ndege wakiwa na sanduku moja la nguo na moja la samaki wakavu. Ningning alivaa koti zito lililotumwa kutoka Dunedin, jasho likimtiririka, akakataa kulivua.

"Mama mdogo, mbona wewe huna tiketi?"

"Mimi nina kazi ya meno."

"Huko hakuna meno?"

"Yapo. Yana watu wake." Vangie alikuwa amepiga magoti akimfunga vifungo ambavyo mtoto aliweza kufunga mwenyewe. "Ukifika, mama atakuwa mlangoni. Ni yule yule wa kwenye simu. Usimwonee aibu."

"Ni mkubwa kama wewe?"

"Kunizidi kidogo."

Ningning akafikiri. "Basi nikimaliza nitarudi," akasema, akaenda zake, viatu vikiwaka taa kila hatua, na hakugeuka hata mara moja. Mtoto mwenye furaha hageuki. Vangie alilijua hilo na halikumsaidia.

Alilia kwenye teksi. Crisanto alikaa kando yake na mfuko wa vitambaa, Lola Pacing mbele na dereva. Walipofika kwenye taa za barabarani za Pasay, Crisanto, ambaye alikuwa na maneno hayo tumboni tangu Jumatano ile ya viapo na aliyeogopa kunyamaza mara ya pili, akasema, "Vangie, tuoane."

Dereva akapunguza redio.

"Siwezi kukujibu sasa," Vangie akasema katikati ya kwikwi. "Namlilia mtu mwingine. Ngoja."

"Nangoja."

Alingoja kweli. Alikula chakula cha jioni pale, akaenda kwao kulala, akarudi Jumapili asubuhi akiwa amenyoa ndevu, akakaa jikoni akimenya vitunguu ambavyo hakuna aliyevitaka. Vangie alikuwa ameketi kwenye kitanda cha mtoto na simu mapajani. Saa nane mchana simu ikaita, ya video, na wote watatu wakajazana mbele yake.

Alikuwa Rowena, nywele timutimu, macho mekundu, anaongea kwa kunong'ona. Juu ya kifua chake alilala Ningning na koti lake, mdomo wazi, mkono mmoja umekamata kola ya mama yake kwa nguvu. Amekataa kuachia tangu uwanjani, Rowena akasema. Hata chooni wamekwenda pamoja. "Alilia kidogo akimtaka mama mdogo, kisha akasinzia hapa, na sasa yapata saa mbili zimepita hajajigeuza na mkono wangu umekufa ganzi na sitaki kuutoa."

Vangie akatazama ule mkono mdogo kwenye kola ya mtu mwingine. Wivu ukampita mwili mzima, ukaondoka, na kilichobaki kilikuwa chepesi kuliko alivyotegemea. Miaka mitatu alikuwa amemshikia dada yake mtoto, na sasa amemfikisha. Akapangusa pua kwa kiganja, akamgeukia Crisanto aliyesimama na kisu na kitunguu.

"Ndiyo," akasema.

Crisanto akaweka kitunguu chini. Macho yake yalikuwa yakitoka machozi tangu asubuhi, kwa hiyo hakuna aliyeweza kujua kama analia.

"Ndiyo nini?" Rowena akauliza. "Nani anaongea na nani huko?"

Lola Pacing akampokonya Vangie simu. "Punguza sauti," akamwambia Rowena, "utamwamsha mtoto."